Daraja na Mwanya: Ujenzi wa Mtandao wa Kitaaluma kwa Wafanyakazi wa Kujitolea wa Kimataifa, kwa Mifano ya Tanzania

Ikisiri

Makala hii inafafanua namna wafanyakazi wa kujitolea wa kimataifa wanavyojenga mahusiano ya kitaaluma katika nchi wanazopelekwa, kwa kutumia mifano ya Tanzania. Makala inaanza na usuli wa kujitolea kimataifa, kisha inaeleza nadharia mbili za mitandao ya kijamii zinazosaidia kuliona jambo hili kwa uwazi: nadharia ya uhusiano hafifu ya Mark Granovetter na nadharia ya mianya ya kimuundo ya Ronald Burt. Hoja kuu ni kwamba mjitoleaji hukaa katikati ya makundi mawili ya wataalamu ambayo kabla ya ujio wake hayakuwa yakifahamiana, na nafasi hiyo ndiyo inayompa thamani ya kitaaluma. Hata hivyo, lengo la maendeleo linamtaka aifanye nafasi hiyo isihitajike tena pindi anapoondoka. Kwa sababu hiyo, makala inapendekeza kwamba mtandao wa mjitoleaji upimwe kwa mahusiano yanayoendelea kumfaa mwenza wake mwenyeji.

1.0 Utangulizi

Mtu anapokwenda kujitolea katika nchi nyingine kwa mwaka mmoja au miwili, hurejea kwao na mambo mengi: lugha aliyojifunza, uzoefu wa kazi, kumbukumbu, na orodha ya watu aliofahamiana nao. Orodha hiyo ya watu huwa na thamani kubwa kuliko anavyodhani mwenyewe siku ya kuondoka. Kwa wengi, kazi ya kwanza ya kudumu, nafasi ya masomo ya juu au mradi wa utafiti hutokana na mtu mmoja waliyekutana naye wakiwa kituoni. Ndiyo maana vitabu na semina za maandalizi humshauri mjitoleaji ajenge mtandao wa kitaaluma tangu mapema.

Ushauri huo ni sahihi lakini una upande mmoja. Unamtazama mjitoleaji peke yake, kana kwamba wenyeji ni mazingira ya kazi tu na si wataalamu wenye matarajio yao. Mwalimu mwenyeji aliyemwongoza mgeni kwa miaka miwili, akamfundisha namna ya kuzungumza na wazazi na kumtambulisha kwa afisa elimu, naye ana taaluma ya kuikuza. Swali ambalo huulizwa mara chache ni hili: mgeni anapopanda basi la kurudi, mwenyeji huyo amebaki na mtandao gani?

Makala hii inajaribu kulijibu swali hilo kwa kufafanua hatua za ujenzi wa mtandao wa kitaaluma kwa pande zote mbili. Katika makala hii, istilahi mjitoleaji inatumika kwa maana ya mfanyakazi wa kujitolea aliyepelekwa nchi ya kigeni kupitia programu rasmi, na mwenza mwenyeji kwa maana ya mtumishi wa nchi husika aliyepangiwa kufanya naye kazi. Mifano ya watu inayotolewa ni ya kufafanulia hoja. Haimhusu mtu mahususi.

2.0 Usuli wa Kujitolea Kimataifa

Programu kubwa za kujitolea kimataifa tunazozifahamu leo zilianza ndani ya kipindi kifupi. Nchini Uingereza, Alec Dickson na mkewe Mora waliasisi shirika la VSO mwaka 1958. Nchini Marekani, Rais John F. Kennedy alianzisha Peace Corps tarehe 1 Machi 1961, na Tanganyika ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kabisa kupokea kundi la watu wake. Walikuwa wapima ardhi, wahandisi na wanajiolojia, nao walifika mwaka huohuo ambao nchi ilipata uhuru. Japani ilianzisha programu yake ya vijana wa kujitolea mwaka 1965, ambayo sasa inaendeshwa na JICA. Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa nalo lilianzisha programu ya Wafanyakazi wa Kujitolea wa Umoja wa Mataifa mwezi Desemba 1970. Makao yake makuu yako Bonn, Ujerumani, tangu mwaka 1996.

Wakati programu hizo zinaanzishwa, Afrika Mashariki ilikuwa na desturi zake za kujitolea. Kenya ilikuwa na harambee, Wapare walikuwa na msaragambo, na Tanganyika huru ilihimiza kazi za kujenga taifa, zikiwamo zile za Jeshi la Kujenga Taifa lililoanzishwa mwaka 1963. Kwa hiyo neno kujitolea lilikuwa limeshika mizizi kabla ya mgeni kufika. Hata hivyo, maana yake ilikuwa tofauti. Katika msaragambo, anayejitolea hufanya kazi na watu atakaoendelea kuishi nao, na uhusiano wao haumaliziki kazi inapokwisha. Katika kujitolea kimataifa, tarehe ya kuondoka inajulikana tangu mwanzo. Mjitoleaji wa Peace Corps, kwa mfano, kwa kawaida hutumikia miezi 27, ikiwamo takriban miezi mitatu ya mafunzo ya lugha, utamaduni na kazi. Tofauti hii ya muda ndiyo chanzo cha ugumu unaojadiliwa hapa, kwa kuwa uhusiano wa kitaaluma huchukua muda kukomaa, ilhali muda wa mjitoleaji umehesabiwa.

3.0 Nadharia Mbili za Mitandao

3.1 Uhusiano hafifu

Mwaka 1973 mwanasosholojia Mark Granovetter alichapisha makala iliyobadilisha namna wataalamu wanavyoitazama mitandao ya kijamii. Aliwachunguza wafanyakazi wa kitaalamu, kiufundi na kimenejimenti katika kitongoji kimoja cha Boston, Marekani, waliokuwa wamebadilisha kazi muda si mrefu. Kati ya wale waliopata kazi kupitia mtu waliyemfahamu, asilimia 16.7 tu walikuwa wakikutana na mtu huyo mara kwa mara. Asilimia 55.6 walikutana naye mara mojamoja, na asilimia 27.8 walikutana naye kwa nadra, yaani mara moja kwa mwaka au pungufu.

Maelezo ya Granovetter ni kwamba watu wetu wa karibu hufahamiana wenyewe kwa wenyewe, hivyo habari walizo nazo kwa kawaida tunazo pia sisi. Mtu tunayemfahamu kwa mbali huishi katika mzunguko mwingine na husikia mambo ambayo kwetu hayajafika. Uhusiano huo, ingawa ni hafifu, hupitisha habari mpya.

Kwa mjitoleaji, nadharia hii ina maana ya moja kwa moja. Familia iliyompokea na walimu watatu anaokula nao mchana ni watu muhimu kwa maisha yake, lakini mtandao wake wa kitaaluma utapanuka zaidi kupitia mkaguzi wa shule aliyepita mara moja, fundi sanifu wa maabara wa shule ya jirani, au mtafiti waliyezungumza naye kwa dakika kumi kwenye maonesho.

3.2 Mianya ya kimuundo

Mwaka 1992 Ronald Burt aliipeleka hoja hiyo mbele. Kwa maelezo yake, faida haitokani tu na uhafifu wa uhusiano, bali na mwanya uliopo kati ya makundi mawili yasiyowasiliana. Mtu anayesimama juu ya mwanya huo, akayafahamu makundi yote mawili, hupata habari kabla ya wengine na huwa na uwezo wa kuamua kipi kipite na kipi kisipite. Yeye ni daraja.

Mjitoleaji wa kimataifa ni mfano dhahiri wa mtu wa namna hii. Upande mmoja anafahamiana na chuo alichosoma, chama chake cha kitaaluma, shirika lililomtuma na wafadhili wa nchi yake. Upande wa pili anafahamiana na shule, zahanati au ofisi ya kilimo ya kata ambako habari za fursa hizo hazifiki kwa urahisi. Bila yeye, pande hizo mbili hazina njia ya kukutana.

Hapa ndipo nadharia inapogongana na lengo la kazi. Kwa mujibu wa Burt, daraja hunufaika kadiri mwanya unavyoendelea kuwapo. Siku makundi mawili yakianza kuwasiliana yenyewe, aliye katikati hupoteza nafasi yake. Kwa mfanyabiashara, kuulinda mwanya ni jambo linaloeleweka. Kwa mtu aliyekuja kwa jina la maendeleo, kuulinda mwanya ni kuipinga kazi aliyotumwa. Mgongano huu haupo kwenye dhamira ya mtu. Upo kwenye nafasi aliyowekwa. Hata mjitoleaji mwema kabisa, asipochukua hatua za makusudi, ataondoka na daraja lake, na mwanya utarudi kama ulivyokuwa.

4.0 Hatua za Ujenzi wa Mtandao

4.1 Kubisha hodi

Katika utumishi wa umma nchini Tanzania, uhusiano wa kitaaluma huanza kwa utaratibu rasmi kabla haujawa uhusiano wa watu. Mgeni hufika na barua ya utambulisho. Hupita ngazi: mkoa, wilaya au halmashauri, kata, kisha kijiji au mtaa. Katika kila ofisi husaini kitabu cha wageni na kueleza shughuli iliyomleta. Kwa mtu aliyezoea kumwandikia mtaalamu yeyote barua pepe na kujibiwa, utaratibu huu unaweza kuonekana kama upotevu wa muda.

Ukitazamwa kwa jicho la nadharia ya mitandao, utaratibu huo una kazi kubwa. Ofisa mtendaji wa kata aliyesaini barua ya mgeni amejiingiza katika dhamana. Mgeni akiharibu, ataulizwa yeye. Kwa kuwa amebeba dhamana hiyo, mtendaji anaweza pia kumfungulia mgeni milango ambayo jina la shirika lake halingeifungua. Mjitoleaji anayeruka ngazi, akaenda moja kwa moja kwa mkurugenzi wa halmashauri kwa sababu walifahamiana kwenye hafla, anaweza kupata jibu la haraka siku hiyo. Gharama yake huonekana baadaye, pale ofisi zilizorukwa zinapokuwa hazina sababu ya kumsaidia yeye wala mwenza wake.

Lugha ni sehemu ya hodi hiyo. Kijana anayemwamkia afisa elimu aliyemzidi umri kwa shikamoo na kusubiri marahaba amekwisha kueleza kwamba anajua yuko wapi. Vilevile, kumwita mtu kwa cheo cha kazi yake, kama vile Mwalimu, Daktari, Bwana Shamba au Mheshimiwa kwa diwani, ni kumtambua kama mtaalamu au kiongozi kabla ya kumwomba jambo. Kuulizana habari za nyumbani na za safari kabla ya kuingia kwenye hoja kuna kazi yake pia. Katika maongezi hayo ya mwanzo, watu hugundua kwamba wamesoma chuo kimoja, wamefanya kazi wilaya moja, au wana rafiki mmoja. Wajitoleaji wanaofundishwa Kiswahili kabla ya kupangiwa vituo hupewa, pamoja na sarufi, ufunguo wa mahusiano haya.

4.2 Kukaa: mwenza mwenyeji kama mlango

Tuchukulie mwalimu wa fizikia kutoka Marekani aliyepangiwa shule ya sekondari ya kata mkoani Njombe. Shule nyingi za aina hii zilijengwa katika kipindi cha Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulioanza mwaka 2004, na tatizo la uhaba wa walimu wa sayansi na hisabati katika shule hizo linafahamika. Mwenza wake ni mwalimu wa kemia mwenye uzoefu wa miaka tisa.

Katika miezi ya mwanzo, karibu kila mtu mgeni huyu anayemfahamu amemfahamu kupitia kwa mwenza. Mwenza ndiye anayemweleza ni nani kati ya walimu wa wilaya anayeheshimiwa kwa kuandaa majaribio ya vitendo kwa vifaa vichache, ni duka gani la mjini linalouza kemikali, na ni wakati gani mkuu wa shule anapokea mawazo mapya. Habari hizi ni mtaji wa kitaaluma uliokusanywa kwa miaka tisa. Mgeni anaupokea ndani ya wiki chache, mara nyingi bila yeyote kuhesabu kwamba kuna kitu kilichotolewa.

Jambo la kwanza la haki, basi, ni kuitambua kazi ya mwenza. Inapoandikwa ripoti ya mradi wa maabara, jina la mwenza liwe kwenye ukurasa wa kwanza na si kwenye shukrani. Picha zinapopelekwa kwa wafadhili, maelezo yaseme nani alifanya nini. Wasifu wa kazi wa mgeni ukisema alianzisha maabara, ilhali mwenza alikwisha kukusanya vifaa vya nusu ya maabara hiyo kabla mgeni hajafika, basi mtandao wa mgeni umejengwa juu ya taarifa pungufu. Waajiri wa mbali hawana njia ya kulijua hilo, lakini walimu wa wilaya nzima wanalijua, na mjitoleaji atakayefuata atapokewa kwa kumbukumbu hiyo.

4.3 Kutoka nje ya kituo

Uhusiano hafifu hautafutwi kwa kukaa kituoni. Unapatikana mahali ambapo wataalamu wa vituo mbalimbali hukutana kwa sababu ya kazi, na Tanzania ina mahali pengi pa namna hiyo. Kwa mwalimu kuna usahihishaji wa mitihani ya utamilifu, ambapo walimu wa somo moja kutoka shule nyingi hukaa pamoja kwa siku kadhaa. Kuna Chama cha Hisabati Tanzania, CHAHITA, ambacho wanachama wake hukutana na kuadhimisha Siku ya Pai kila tarehe 14 Machi. Kwa anayefanya kazi ya kilimo kuna Maonesho ya Nane Nane, ambapo katika viwanja vilevile hupatikana maafisa ugani, watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, wauza mbegu na wakulima wenyewe. Kwa mhudumu wa afya kuna vikao vya timu ya uendeshaji wa huduma za afya ya halmashauri, pamoja na mafunzo kazini ya wilaya na mkoa.

Kanuni inayopendekezwa hapa ni nyepesi kuieleza na ngumu kuitekeleza: mjitoleaji asiende peke yake anapoweza kwenda na mwenza. Akialikwa kuwasilisha mada, awasilishe na mwenza. Akipewa nafasi ya mtu mmoja, aulize kama mwenza ndiye anayestahili zaidi kwenda. Sababu yake inatokana na nadharia yenyewe. Mtafiti wa Morogoro aliyekutana na mgeni peke yake amepata uhusiano utakaokwisha baada ya miaka miwili. Akikutana na mgeni pamoja na bwana shamba wa kata, amepata uhusiano utakaodumu kadiri bwana shamba huyo atakavyokuwa kazini.

Ugumu unatokana na nauli, posho na ruhusa. Mwenza ana vipindi vya kufundisha, na halmashauri haitalipia safari isiyokuwa kwenye bajeti. Ndiyo maana jambo hili lisiachwe kwa huruma ya mjitoleaji mmoja. Shirika linalotuma watu linapaswa kuweka gharama za safari ya mwenza kwenye bajeti yake tangu mwanzo, kama linavyoweka gharama za mafunzo ya lugha.

4.4 Kuaga

Katika desturi za Waswahili, mgeni mwema huaga. Kuondoka kimyakimya ni kuacha shaka. Kwa mjitoleaji, kuaga ni hatua ya kitaaluma inayohitaji miezi, na inapaswa kuanza angalau robo mwaka kabla ya tarehe ya kuondoka.

Hatua hiyo ina kazi nne. Ya kwanza ni kuorodhesha mahusiano yote ya kazi: nani, wa ofisi gani, tulishirikiana kwa lipi, na jambo gani halijakamilika. Ya pili ni kumtambulisha mwenza kwa kila mmoja katika orodha hiyo kwa mawasiliano ya watu watatu, iwe kwa simu, barua pepe au kikao, ili siku zijazo mwenza aandike kwa jina lake mwenyewe. Ya tatu ni kuhamisha nyaraka na mawasiliano kutoka anwani binafsi ya mgeni kwenda anwani ya taasisi, kwa kuwa barua zilizobaki kwenye sanduku la mtu aliyeondoka ni barua zilizopotea. Ya nne ni kuandikiana barua za uthibitisho wa kazi. Mkuu wa shule humwandikia mgeni. Mgeni na shirika lake wamwandikie mwenza barua inayoeleza kwa ukamilifu ujuzi aliouonesha, barua ambayo mwenza anaweza kuitumia anapoomba masomo au cheo.

Baada ya kuondoka, mahusiano hayahitaji kuwa ya kila siku. Granovetter anatukumbusha kuwa hata mtu wa kuonana naye mara moja kwa mwaka anaweza kuleta habari yenye manufaa. Kinachohitajika ni njia iliyo wazi, na watu wa pande zote mbili wanaojua kwamba wanaruhusiwa kuitumia.

5.0 Mizani Isiyo Sawa

Itakuwa ni kujidanganya kuyajadili mahusiano haya kana kwamba pande mbili zinasimama kwenye ardhi tambarare. Mambo matatu yanastahili kutajwa.

Kwanza, faida za kujitolea zimejengewa mfumo kwa upande mmoja. Mjitoleaji wa Peace Corps aliyemaliza muda wake, kwa mfano, hupewa kwa kipindi maalumu sifa ya kuajiriwa katika serikali kuu ya Marekani bila kupitia ushindani wa kawaida wa waombaji wote. Ni utaratibu unaoeleweka kwa nchi iliyomtuma. Hata hivyo, mwenza aliyefanya naye kazi hiyohiyo hana utaratibu unaolingana nao. Ushirikiano wake na mgeni huonekana kama sehemu ya kawaida ya majukumu yake.

Pili, neno kujitolea lenyewe limebeba hali mbili zilizo mbali. Katika shule nyingi za Tanzania kuna walimu wa kujitolea ambao ni Watanzania: wahitimu wa vyuo wanaosubiri ajira ya serikali, wakifundisha kwa posho ndogo inayotoka kwa wazazi au shule, au bila posho. Mgeni anayejitolea ana posho ya kujikimu, bima ya matibabu na nauli ya kurudi. Wote wawili huingia chumba kimoja cha walimu na kuitwa kwa jina moja. Mhitimu huyo naye anahitaji mtandao wa kitaaluma, pengine kuliko wote, kwa sababu ajira yake inategemea kuonekana. Mjitoleaji mgeni anayetafuta mahali pa kuanzia kuyatumia makala haya hana haja ya kwenda mbali. Mtu huyo ameketi meza ya pili.

Tatu, mgeni kutoka nchi tajiri hupokewa mara nyingi kama mfadhili. Kila utambulisho unaweza kugeuka ombi la fedha, na mgeni aliyechoshwa na maombi huanza kuwakwepa hata wataalamu ambao wangekuwa wenzake. Dawa ya hali hii ni kusema mapema, kwa adabu na kwa kurudia, kazi aliyoijia na uwezo alionao. Mwenza mwenyeji husaidia sana hapa, kwa kuwa yeye anaweza kusema jambo hilo kwa namna isiyomvunjia mtu heshima. Katika lugha ya kazi, kuna tofauti kubwa kati ya kumwambia mtu sina na kumwambia hilo liko nje ya kazi yangu, lakini tunaweza kuliandikia andiko pamoja.

6.0 Waafrika Mashariki Wanaojitolea Ng'ambo

Yaliyoelezwa hapo juu yanamhusu pia Mwafrika Mashariki anayekuwa mgeni kwingine. Programu ya Umoja wa Mataifa hupokea wataalamu kutoka Kenya, Tanzania, Uganda na nchi nyingine za ukanda huu na kuwapanga nje ya nchi zao. VSO, iliyoanza kwa kutuma Waingereza, nayo imekuwa ikiajiri wajitoleaji kutoka Kenya na Uganda. Umoja wa Afrika ulianzisha mwaka 2010 kikosi chake cha vijana wa kujitolea, kwa vijana wa miaka 18 hadi 35 wanaotumikia kwa mwaka mmoja katika nchi nyingine ya Afrika.

Muuguzi wa Kenya aliyepangiwa Juba ana faida ambayo mgeni kutoka mbali hana: Kiswahili kina wasemaji huko, hasa miongoni mwa watu waliowahi kuishi ukimbizini Kenya na Uganda. Lakini faida hiyo inaweza kumdanganya. Kufanana kwa lugha si kufanana kwa itifaki. Mtanzania anayefika Goma au Bukavu hukuta kwamba jambo ni salamu ya kawaida kati ya watu wazima, kwamba Kifaransa kina nafasi kubwa katika shughuli za ofisi, na kwamba Kiswahili chake sanifu kinaweza kumweka mbali na watu pale anapodhani kinamsogeza karibu. Naye pia anapaswa kubisha hodi.

Kuna pia masharti ya kitaaluma ambayo ni vema kuyashughulikia kabla ya safari. Muuguzi, daktari au mhandisi huhitaji kutambuliwa na mamlaka ya taaluma ya nchi aendako, na hati kutoka baraza la nchi yake huchukua muda. Mchakato huo wenyewe ni fursa ya mtandao, kwa kuwa humwingiza katika daftari la wataalamu wa nchi mwenyeji badala ya kumwacha akijulikana kwa shirika lake tu. Anaporudi, mahusiano aliyoyajenga ndani ya ukanda yana uwezekano mkubwa wa kudumu: nauli ni nafuu, mipaka iko karibu, na tangu mwaka 2016 Sudan Kusini nayo ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki.

7.0 Hitimisho

Makala hii imefafanua kwamba mtandao wa kitaaluma wa mjitoleaji hutokana na nafasi yake juu ya mwanya kati ya makundi mawili ya wataalamu. Nafasi hiyo humnufaisha hata asipokusudia. Imeoneshwa pia kwamba nafasi hiyohiyo inaweza kumwacha mwenza mwenyeji alipokuwa, iwapo mahusiano yote yatapita kwa mtu mmoja mwenye tarehe ya kuondoka.

Kwa msingi huo, makala inatoa mapendekezo matatu. Mashirika yanayotuma wajitoleaji yaongeze katika ripoti zao za mwisho kipengele kinachouliza ni mahusiano gani ya kitaaluma yamekabidhiwa kwa mwenza, na mwenza mwenyewe ndiye akijaze. Halmashauri na taasisi zinazopokea wageni zitambue kazi ya mwenza katika tathmini ya utendaji wake. Wajitoleaji, wageni kwa wenyeji, waichukulie hatua ya kuaga kuwa ni kazi yenye ratiba na si hafla ya siku moja.

Kipimo kinachopendekezwa ni rahisi kukitumia. Mwaka mmoja baada ya mgeni kuondoka, aulizwe mwenza: katika miezi hii kumi na miwili, umewasiliana kwa kazi na nani ambaye usingemfahamu bila yeye? Jibu likiwa hakuna, mjitoleaji huenda alifundisha vizuri na kupendwa na wanafunzi, lakini mwanya umebaki palepale. Mwenza akitaja hata watu wawili, mmoja wa wilaya ya jirani na mmoja wa chuo kilicho mbali, basi kuna jambo lililojengwa na linaloendelea kutumika.